Uso wa Dada Lievine

Bruges, Kwaresima

Mama mpendwa,

Huku tu wazima, ila kikohozi. Jana shemeji Joos alikuja na mkewe mpya, Barbele, aliye mjamzito. Walileta kitabu cha sala nilichompambia marehemu dada Lievine kwa dhahabu. Joos akafunua ukurasa wenye picha ya dada amepiga magoti mbele ya Bikira Maria.

"Kwangua uso huo, shemeji. Mchore Barbele."

Nilishika kisu. Barbele akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Ondoa mkono!" Joos akafoka.

"Siondoi! Huyu alikufa akijifungua. Nani mwingine ataujua uchungu wangu, aniombee?"

Joos akatoka, akabamiza mlango.

Nimemchora Barbele ubavuni mwa dada, wamepiga magoti pamoja. Siku zake za kujifungua zimekaribia, Mama. Mwombee kama mwanao.

Binti yako,
Machteld