Jembe la Bernadi

Lundo, 4 Mei 1955

Kaka Ildefonsi,

Shikamoo. Sisi tu wazima, ila homa ya Vitalia imepoa juzi tu. Huko Songea baridi inawaendeaje?

Tangu tumalize matanga ya mume wangu Bernadi, shemeji Urbani hatulii, nami situlii. Nimekataa kurithiwa naye. Sasa anawadai wanangu, Teodora na Vitalia, wahamie kwake, na amenishtaki barazani. Wewe ndiye unayewafundisha makarani wa mabaraza sheria ya ndoa na watoto. Niambie nijibu nini, nitasimama nijibu.

Mdogo wako,
Kunigunda

Songea, 15 Mei 1955

Mdogo wangu Kunigunda,

Marahaba. Mimi mzima, kazi tu imenizidi, mitihani imekaribia. Usihangaike. Placidi, karani wa baraza lenu, nilimfundisha mwenyewe, na darasani hakuna aliyemshinda. Mila za wilaya nzima zimo katika daftari langu, naye analo. Huyo hawezi kukudhulumu.

Kaka yako,
Ildefonsi

Lundo, 2 Juni 1955

Kaka,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali.

Placidi alifungua daftari lako akasoma: jembe la mahari likishapokelewa, kama lile la Bernadi, watoto ni wa upande wa baba. Wazee wa baraza wakamwambia kwamba huku ziwani jembe ni shukrani kwa mama mkwe, na mjane hukaa na wanawe. Akawajibu kuwa wao wanasema, lakini mwalimu ameandika. Hakunidhulumu, kaka. Alikutii wewe.

Nimepewa siku thelathini, nikate rufaa kwa Bwana Shauri wa wilaya au niwatoe watoto. Teodora anafunga furushi la nguo zake, analifungua, analifunga tena. Nani alikueleza mila ya Lundo? Hata siku ya harusi yangu hukushuka.

Kunigunda

Mbinga, 24 Juni 1955

Mdogo wangu,

Salamu tutapeana ana kwa ana. Nilinyamaza kwa aibu.

Hakuna aliyenieleza. Nilimuuliza baba kule Matiri, tukianika kahawa, nikaandika mila yetu ya milimani na kuiita ya wilaya nzima. Niliona ziwa halina la kunifundisha. Juzi nilikuwa nasahihisha mitihani. Kwenye swali la jembe, wanafunzi wote ishirini na wawili wameandika maneno yangu yale yale, na nusu yao watapelekwa mabaraza ya ziwani. Nilishindwa kuweka alama.

Niliwaita, nikawaambia waufute ukurasa ule. Mkubwa wetu akasema mwalimu anayekana daftari lake hana darasa. Basi, sina darasa.

Siku zako zimebaki nane. Tutakata rufaa pamoja. Bwana Shauri akiuliza ni nani anayesema daftari limekosea, nitamwambia ni mwenye daftari, kisha nitakaa chini niwasikilize wazee wa Lundo.

Lori la kushuka ziwani limeharibika hapa Mbinga, na fundi anasema wiki ijayo. Siwezi kumngoja. Naanza kwa miguu sasa hivi, na barua hii naileta mwenyewe. Nikifika, Teodora afungue furushi lake.

Kaka yako,
Ildefonsi