Pete Iliyo Tumboni Mwangu

Liège, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na goti nimepiga ingawa hunioni. Umeamkaje? Mgongo unasemaje siku hizi za mvua? Paa la jikoni bado linavuja, au kaka Bahati ameshapanda kulitengeneza kama alivyoahidi? Habari za huko zinatufikia nusunusu. Leo wanasema Uvira ni shwari, kesho wanasema watu wa Luvungi wako barabarani, magodoro kichwani. Redio ikitaja mji wetu nasimama wima, na habari ikiisha najikuta bado nimesimama katikati ya chumba. Mimi ni mzima. Najua kwa neno hilo utakunja uso, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho, na Bahati anayekusomea asiruke kitu.

Barua hii inabebwa na mama mmoja wa Bujumbura anayefanya biashara ya vitambaa vya vikwembe. Ataiacha huko kwa Mama mdogo Esperansi, naye ataivusha mpakani hadi kwako akipata mtu wa kuaminika.

Mama, tangu siku ile simu ilipokatika sina raha. Ulikuwa umetoka kwetu Nyamianda ukavuka mpaka hadi kwa Mama mdogo ili tuzungumze, na mimi badala ya kuanza polepole nikakumwagia habari yote kwa mkupuo. Bado naisikia sauti yako: "Weye Faida, minye nasikia nini? Banataka kukufunga tumbo? Tumbo iko mbuzi ya kufunga kamba?" Nilicheka, nikadhani nawe unacheka. Kumbe ulikuwa na uchungu. Ukasema: "Huku batu banalala na njaa, banakimbia na masufuria ya bule, bila kitu ndani. Weye uko na chakula, unaomba munganga akuzuie kula. Mutoto wangu, uko na akili kweli?" Kisha laini ikawa kimya, na sijui kama ni mtandao au ni wewe.

Jibu la swali lako nimelitafuta wiki hizi zote nikiwa nimelala karibu na dirisha, na sasa nakuandikia.

Jambo ambalo sikuwahi kulisema kwenye simu ni hili: nina sukari, Mama. Ile ile ya Baba. Waliigundua macho yangu yalipoanza kuona ukungu hata jua likiwaka. Unakumbuka kidonda cha Baba mguuni, jinsi ulivyokiosha kwa maji ya chumvi kila asubuhi nacho kikakataa kupona. Unakumbuka dawa yake ilivyokuwa inatoka Bukavu, mpaka vita vikafunga barabara ya bonde. Risasi zilipita juu ya nyumba yetu zikatuacha. Baba tulimzika kwa sababu ya chupa ndogo ya dawa ambayo haikuvuka Kamanyola.

Munganga wa hospitali ya huku aliniambia kwamba uzito wangu ndio unaoichochea sukari, na ukipungua, sukari nayo inaweza kutulia. Dawa nameza. Kutembea natembea. Kula ndiko kulikonishinda, na sababu unaijua kuliko munganga. Sisi tulijifunza kula huku kukiwa na milio ya risasi mlimani, bugali ukiwa bado unatoa moshi, Baba amesimama mlangoni anatazama barabara na kusema: "Kuleni mbio, batoto! Tutatafuna kesho." Nimefika nchi ambayo hakuna anayenifukuza mezani, na bado namaliza sahani yangu wenzangu hawajashika uma.

Basi wakanipendekezea pete. Hawakukata tumbo, Mama, wala hawakutoa kitu. Walipitisha vyuma vyembamba kwenye matundu madogo, wakalivisha tumbo pete laini upande wa juu. Juu ya pete panabaki mfuko mdogo, na chakula kinapita kidogokidogo, kwa zamu. Baadaye, ndani pakishapona, wataijaza pete maji kwa sindano ili ibane zaidi. Kwa sasa iko tupu, inakaa tu, inazoeana na mwili.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Mimi nilifikiri nitaamka kitandani nimeshakuwa Faida mwingine, kikwembe kinanizunguka mara mbili. Niliamka nikiwa mimi yuleyule, na maumivu juu yake. Kwanza nilikunywa maji na supu isiyo na nyama, halafu mtindi, halafu vitu vya kupondwa. Mwanzoni mizani ilishuka, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha ikasimama, na njaa ikarudi kana kwamba haijaambiwa habari za pete. Nilimlalamikia nesi wa lishe, msichana mpole ambaye hawezi kutamka jina langu vizuri. Akaniambia wiki hizi si za kukonda, ni za kupona, na pete haifanyi kazi ya mtu mvivu. Nilikasirika. Nilipofika nyumbani nikalia, maana alisema kweli.

Amenipa kijiko cha mtoto mchanga. Nachota kidogo, nameza, naweka kijiko mezani, nasubiri. Mama, kile kijiko kikiwa mezani mkono wangu unakirudia haraka. Akili inajua hakuna anayekuja, ila mkono bado uko Nyamianda. Na siku nyingine nakuona wewe ukikwangua chungu kitupu, na supu yangu inanishinda kwa aibu. Aibu hiyo inakaa nami mezani na naiacha ikae.

Saa zinazobaki naziacha zipite. Dirisha langu linatazama mto, mpana, wa kijivu, unaokwenda bila haraka. Nikiwa na njaa na kichwa chepesi, ng'ambo ya pili inafutika, na mto unakuwa ziwa letu. Naona milima ya Burundi mahali ambapo pana viwanda. Nanusa ndakala, wale dagaa wetu, wakianikwa mchangani, nasikia wanawake wa Mulongwe wakiwafukuza ndege, mmoja anaimba, mwingine anamtukana. Kuna siku nilisikia kabisa ukiniita nikatoe mboga ya sombe jikoni, nikaitika kwa sauti, ndani ya chumba chenye redio na viatu vyangu tu. Usiogope, si homa. Tumbo likiwa halina kazi, moyo unatembea mbali, na mimi nauacha utembee kwa sababu hapo napumzika.

Sasa nikueleze ujinga wangu. Mama Jolie, yule wa Kamanyola tunayeishi jengo moja, aliposikia nimefanyiwa operesheni alikuja kunitazama na bugali na chungu cha mchuzi wa samaki, kama inavyotakiwa. Nani anakwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu? Alifunua sufuria yangu ya karoti zilizopondwa, akaifunika haraka.

"Hii iko chakula ya muntu?" akauliza. "Ndiyo sababu macho yako imeingia ndani."

"Nesi anasema nile vitu laini," nikamwambia. "Vitu visivyohitaji kutafunwa."

"Sasa bugali, batu banatafunaka?"

Tangu nizaliwe sijamwona mtu anatafuna bugali. Tonge unalibonyeza, unalichovya, linateleza lenyewe. Viazi vya kupondwa nimeruhusiwa, na bugali wa muhogo ni laini kuliko viazi. Mama Jolie akasukuma sahani mbele yangu: "Laini ndiyo hii. Ama bugali iko na mifupa?"

Tukacheka sote wawili. Nikanawa mikono. Mama, ile harufu! Nilibonyeza tonge dogo, dogo kweli, nikalichovya kwenye ule mchuzi wa samaki wetu mukeke, nikameza kama unavyomeza wewe.

Likafika kwenye pete, likakaa.

Kwanza nilihisi ngumi katikati ya kifua. Kisha mate yakaanza kujaa mdomoni, hayapiti. Mama Jolie akanipa maji yasukume, nayo yakarudi. Akanipiga mgongoni, akaanza kuomba kwa Kirundi, huku akinikemea: "Teremusha, Faida, teremusha!" Nikatapika mpaka nikaona giza. Jirani mmoja mzungu alitupeleka hospitali kwa gari lake, na Mama Jolie akiwa na leso yake ya jikoni bado begani, anamweleza kwa Kiswahili kwamba yeye hakuweka sumu.

Tonge lilitoka. Kilichomtia munganga wasiwasi ni kule kutapika, kwa sababu kunaweza kuihamisha pete, na pete ikihama lazima itolewe. Alisema hivyo huku anaandika, bila kuniangalia. Mimi nilisikia neno "itolewe" peke yake. Nikaona mguu wa Baba.

Wakaninywesha kitu cheupe kama chokaa, wakanisimamisha nyuma ya mashine, wakasema nimeze taratibu. Pembeni palikuwa na kioo kama cha televisheni, nikajiona kwa ndani. Ule weupe ulishuka, ukafika kwenye pete, ukasita, kisha ukapita mwembamba na kutawanyika, vile maji ya mto Ruzizi yanavyoingia ziwani bila kuchanganyika mara moja. Nilisahau hofu kwa muda. Niliona ni pazuri, Mama, mle ndani mwangu. Halafu wakaniambia ningoje mtu wa kusoma picha.

Nilingoja kwenye kiti cha plastiki, adhuhuri, jua la baridi likinipiga usoni, na usingizi ukanibeba. Nikamwota Baba. Alikuwa amekaa mlangoni kwetu, miguu yote miwili imenyooka mbele yake, haina kidonda. Mbele yake sahani ya bugali na ndakala, moshi unapanda. Hakukuwa na milio yoyote. Akapigapiga mkeka pembeni yake, akasema: "Kuya tukule, Faida. Leo tuko na wakati."

Unajua ulivyotufundisha: chakula cha marehemu ndotoni hakiliwi, anayekula anamfuata. Nilikumbuka hata mle ndotoni. Lakini nilikuwa na njaa ya wiki nyingi, na ni Baba, na ameniita kwa ile sauti. Niliketi mkekani. Nilinyoosha mkono. Kisha nikajisikia nikisema: "Baba, munganga amenikataza."

Akanitazama. Mama, akacheka, kile kicheko chake cha kutikisa mabega ambacho sijakisikia tangu vita vianze. "Haya," akasema, "mimi nitakula yangu." Akaanza kula polepole, anatafuna kila tonge, anatazama ziwa. Nami nilikaa pembeni yake bila kula, na sikuona uchungu hata kidogo. Sijui tulikaa muda gani. Nesi alinigusa bega, akakuta uso wangu umelowa, akadhani naumwa.

Pete haijahama. Munganga aliniambia huku akitabasamu, kisha akanirudisha mwanzo kabisa: supu, maji, mtindi. Siku ya sindano ya kuijaza pete imesogezwa mbele. Zamani ningeona ni adhabu. Mama Jolie naye ameahidi kuniletea supu, na kila akija anaitazama ndani ya bakuli kana kwamba inaweza kuganda.

Nilikuwa nimekuahidi picha. Wamama wa kanisa wanataka kuiona, najua, na najua pia watakavyonong'ona wakiniona nimekonda, maana kwetu aliyekonda ni mgonjwa au ana shida. Nikituma sasa wataona mimi yuleyule na watasema operesheni ilikuwa uongo. Waache waseme. Mwili huu utapungua kwa mwendo wake, nami nimechoka kuusukuma. Mwaka kesho nitafikia umri aliofariki nao Baba. Naogopa, nakuambia wazi. Nataka nifike pale, halafu nipite, niingie kwenye miaka ambayo yeye hakuiona, niwe na mvi, niwe na kiuno kinachouma kama chako, nije nikae nawe tukilalamika pamoja.

Nisalimie kaka Bahati, fundi wetu wa ahadi, na mke wake Riziki. Msalimie shangazi Anyesi wa Luvungi kama bado yuko shambani kwake, na kama amekimbia, muulizie kwa waliotoka huko, kisha uniandikie hata kama habari si nzuri. Mama mdogo Esperansi mshukuru kwa simu yake. Msalimie katekista mzee aliyenibatiza, mwambie bado nasali, ingawa kwa sauti ndogo.

Vita vikikaribia, tafadhali vuka mapema, usingoje kumalizia kufua. Na jioni ukipiga magoti kuniombea, Mama, usiombe nikonde. Omba nizeeke.

Ni mimi binti yako,
Faida