Dada Mwanaidi, Nimelia kwa Sauti

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Marahaba yako nitaisikia moyoni, usijisumbue.

Nimeolewa, dada. Nimeolewa na Salum, yule mwalimu wa Kiranjeranje niliyekuwa nikikusimulia huku nakusuka, nawe ukanicheka, ukasema mtu mwenyewe mwembamba kama fito, atakubebaje. Basi amenibeba. Natamani ungemwona anavyonitazama nikila, kana kwamba hajapata kuona mtu akila muhogo. Akitoka kwenda shuleni hurudi toka njiani kuniambia jambo alilokwisha kuniambia. Nabaki nacheka jikoni peke yangu kama mwehu.

Lakini sikuandikii hayo tu. Fungate yetu haijaisha, chumba bado kinanukia udi na asumini, maumivu yakanijia. Yale yale yako. Yalianza kiunoni, yakashuka mapajani, kisha yakaingia ndani ya mifupa kama mtu anatwanga humo. Nikauma leso. Somo yangu aliyenifunda, Bi Tatu, akanikanda kwa maji moto akidhani ni uchovu wa harusi. Nami nikanyamaza, kama mama alivyotulea, kama tulivyofundwa unyagoni: mwanamke halii kwa maumivu ya mwili wake.

Salum alinishika mkono akakuta jasho la baridi. Akataka tuondoke pale pale kwenda hospitali. Bi Tatu akasimama mlangoni: mwali hatoki kabla ya fungate kwisha, atapatwa na husuda, bwana harusi aende mwenyewe akalete dawa ya maumivu. Akaenda kwa baiskeli, akarudi mikono mitupu. Dawa kali ya maumivu hukaa kabatini, na ufunguo anao daktari Mzungu. Hapewi mtu akampelekee mwingine. Mgonjwa aje aonekane.

Basi nikatolewa, nimefunikwa buibui, juu ya lori la magunia ya korosho. Bi Tatu akafuatana nasi, ananung'unika njia nzima. Kila shimo la barabara nililihisi kwenye nyonga.

Jua, dada, kwamba baada yako mimi nilikwisha kuugua nikiwa shule ya bweni. Daktari wa kule aliitazama damu yangu kwa darubini, akaniambia chembe zake zimepinda kama mundu, hukwama mishipani. Siku ile ndipo nilipojua kuwa wewe hukuuawa na baridi yabisi. Akanichoma sindano ya mofini, nikalala. Kwa hiyo safari hii niliketi wima mbele ya daktari, nikamweleza yote kwa Kiingereza changu kizuri, nikaitaja na dawa kwa jina lake. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Alinitazama toka kichwani hadi miguuni. Kisha akasema na dresa wake, yule mfunga vidonda, na dresa akanigeuzia kwa Kiswahili, ingawa nilikuwa nimesikia kila neno: "Anasema hii ni jamii ya kasumba, yaani afyuni, serikali haiitoi ovyo. Anayeumwa kweli haiombi kwa jina huku ametulia kama yuko barazani kwake."

Nikapewa aspirini. Aspirini, dada. Vidonge vile vile ulivyorudi navyo wewe, ukafa navyo chini ya mto wa kulalia, bila kumwamsha hata jirani mmoja.

Nilitaka kulia, nikaogopa. Si kumwogopa daktari. Salum alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, na mimi ni bibi harusi wake. Nilisema moyoni, akiniona ninavyokuwa maumivu yakiniweza, atanirudisha kwa mama. Nikaumeza uchungu mpaka meno yakagongana. Salum akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Asha, usinifiche. Mimi si mgeni."

Nikapiga ukelele. Sikujua kama ninayo sauti ile. Wagonjwa wa nje walisimama. Bi Tatu akaniziba mdomo kwa kanga: "Mwali, aibu." Salum akautoa mkono wa Bi Tatu taratibu. "Mwache, somo. Alie."

Daktari akazunguka meza. Akanifunua kope, akaona umanjano, akanibonyeza nyonga, nikapiga ukelele mwingine. Akatoa ufunguo mfukoni.

Sasa sijambo, ila goti linaniuma hapa ninapoandika. Salum ananitania kwamba shule yao haina haja ya kengele tena. Tunacheka, lakini kicheko hakidumu, kwa sababu daktari alituambia sindano ile haina ahadi: kila mara niende, kila mara aamue yeye. Na akienda safari ya bara, ufunguo huenda nao. Sijui yakinijia siku hizo nitafanyaje. Salum naye hajui, lakini ameanza kulala na mkono wake juu ya nyonga yangu, kama mlinzi.

Pumzika, dada yangu. Mungu akupe nafasi palipo na upole. Nakuahidi, nikijaliwa mtoto mwenye damu yetu, sitampa leso aume. Nitamwambia lia, mwanangu, lia wakusikie. Nami kila nitakapolia, nitalia na sehemu yako, ile uliyokwenda nayo kifuani.

Mdogo wako akupendaye,
Asha