Anwani Yetu ya Uchochoroni: ya Muda au ya Kudumu

Huwei, Yunlin,
Taiwan.
Tarehe 24 Desemba.

Kaka yangu mpendwa Kuo-liang,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Mei-feng na watoto, na kwamba jua la Brisbane halijawakausha kama ufuta kwenye kikaango. Hapa ni baridi ya upepo, ile inayopenya mikono ya sweta. Picha uliyotuma ukiwa na kaptula mwezi huu wa Desemba imezua mjadala. Mama anashikilia kwamba uliipiga mwezi wa saba ukaificha ili ututambie.

Mama ni mzima. Goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi, lakini anakula vizuri na anagombana vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Bado kila asubuhi anakuja kunusa kikaango cha kwanza cha ufuta kabla hatujakamua mafuta. Akikunja uso, tunaanza upya. Shemeji yako Ping-kun anasema ameoa mke mmoja na mkaguzi mmoja.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa kalamu wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu unasoma huku unashuka kwenye basi, kisha unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Safari hii nataka ukae chini, Kaka. Chai iwe mezani.

Unaikumbuka tovuti ya duka. Uliitengeneza mwaka ule kabla hujaondoka, umekaa juu ya madebe kwenye duka letu la zamani kule Beigang, na marehemu Baba akikuuliza kila nusu saa kama mafuta yatatokea kwenye kioo. Uliipa anwani ya jina la uchochoro wetu na namba ya nyumba. Ilikuwa kazi nzuri, sijawahi kukuambia. Wapishi waliandika kuhusu mafuta yetu wakaweka kiungo cha kuja kwenye tovuti yako, na kina mama waliotoka kujifungua, ambao lazima wapikiwe kuku kwa mafuta haya, wakaelekezana hapo, mpaka mtu akitafuta mafuta ya ufuta mweusi mtandaoni, sisi tulikuwa wa juu kabisa.

Kisha likaja lile tetemeko, ukuta wa nyuma ukapasuka, tukahamishia kinu hapa Huwei, kwenye banda lililo nyuma ya nyumba ya wakwe zangu. Siku ya kuhamisha vibao vyenye majina ya mababu na chetezo, aliyepaswa kuwaambia wazee hao waliotangulia tunakwenda wapi na kwa muda gani ni wewe, mwana wa kwanza. Hukuwepo, basi Mama alisema kwa niaba yako. Alishika vijiti vya udi akawaambia: tunahamia kwa binti yangu Su-chu kwa muda tu, msihangaike, Kuo-liang anawaahidi mtarudi kwenu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndoo ya majivu. Sikuona ubaya wowote.

Tulipokwishatulia, tulihitaji tovuti mpya, kwa sababu ile yako haikuweza kupokea oda za simu. Anayetutengenezea ni Yi-chun, binti wa kaka yake Ping-kun, yule mwenye nywele fupi aliyekuimbia kwenye harusi yangu. Siku hizi anaishi Taichung na kazi yake ni kutengeneza tovuti za watu. Mpya tuliipa jina la Baba. Ikabaki kuweka alama kwenye ile ya zamani, ya kuwaleta wageni huku.

“Mama mdogo, niweke ya muda au ya kudumu?” akaniuliza.

“Tofauti yake nini?”

“Kwa kompyuta, ya muda ni namba mia tatu na mbili. Ya kudumu ni mia tatu na moja.”

“Mwanangu, mimi nauza mafuta. Nieleze kama mtu.”

Akacheka, akanieleza. Mteja mwenyewe haoni tofauti, maana zote mbili zinamleta kwenye duka jipya. Anayeona tofauti ni injini ya utafutaji. Ukiiambia mmehama kwa muda, inasema sawa, hawa watarudi, na inaendelea kuitunza anwani ya zamani kwenye orodha yake pamoja na sifa zote ilizochuma. Ukiiambia mmehama moja kwa moja, inazichukua zile sifa inazipeleka kwenye anwani mpya, na taratibu inaanza kuwaonyesha watu hiyo mpya. Kama unatengeneza paa na utarudi, weka ya muda. Kama hurudi, ya kudumu, na usichelewe.

Bahati mbaya mazungumzo haya tuliyafanyia kwenye chumba cha mbele, vibao vikiwa juu yetu, na Mama alikuwa anabadilisha maua.

“Usilitaje neno hilo humu ndani,” akamwambia Yi-chun. “Wazee tumewaambia kwa muda. Wewe unataka uandike kudumu, dunia nzima isome, wao waje kusikia kwa majirani?”

“Bibi, hii ni ya kompyuta tu.”

“Basi kompyuta iwe na adabu.”

Unamjua Mama. Yi-chun akaweka ya muda. Na mwanzoni haikuwa kosa, Kaka, maana hata sisi tuliamini tutarudi. Kosa ni kwamba mwaka wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia, na kila Yi-chun alipogusia habari ile, nyumba nzima tulikuwa tunamkanyaga mguu chini ya meza. Tuliilinda heshima ya wazee kwa nguvu zote, na injini ya watu ikawa inaamini tulichoiambia.

Mtu akitafuta mafuta ya ufuta, anaoneshwa uchochoro wetu wa Beigang. Duka lenye jina la Baba, ambalo ndilo lenye kinu na lenye mafuta, ukilitafuta unashuka chini mpaka kidole kinachoka. Nilimuuliza Yi-chun kama injini haiwezi kujiongeza. Akasema inaweza. Alama ya muda ikikaa mno, kuna siku injini inaanza kuichukulia kuwa ya kudumu yenyewe, bila kumuuliza mtu. Ila lini, hakuna ajuaye, na biashara haiendi kwa kuvizia. Nilipomwambia Mama, alisema basi tuvizie.

Mwezi wa kumi, kama unavyojua, mafundi walisema ile nyumba haitengenezeki. Baba mdogo akakubali ibomolewe, mimi nikakubali, na wewe ukakubali kwa simu. Mama naye aliitikia kwa kichwa. Lakini kwa wazee hakusema kitu. Vibao vikabaki vinasubiri kurudi kwenye nyumba ambayo sisi wote tulijua itabomolewa.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki tatu zilizopita. Mama mmoja wa Changhua, Bi Lai, binti yake alijifungua. Huyo amekuwa akinunua mafuta kwetu tangu binti mwenyewe alipozaliwa. Akatafuta mtandaoni, akaona jina la uchochoro na namba ya nyumba, akafurahi kwamba bado tupo palepale. Hata hakubonyeza, kwa nini abonyeze wakati njia anaijua? Akaendesha gari mpaka Beigang kwenye mvua, akakuta kamba mlangoni na onyo la mafundi. Jirani yetu wa kule, muuza tofu ya soya, alimkuta amesimama hapo na chupa zake tupu, ndipo akatupigia simu.

Ping-kun alipakia mafuta kwenye gari akayapeleka Changhua saa ileile. Nilimsimulia Mama nikidhani atacheka kidogo, kwa ukaidi wa yule mama wa kutobonyeza. Hakucheka. Aliweka kijiko chini.

“Mtu amekuja mlangoni kwangu,” akasema, “binti yake yuko kitandani na mtoto mchanga, na ameondoka bila mafuta. Na mimi nipo hai.”

Siku mbili hakuja kunusa kikaango. Kaka, niliogopa kuliko siku ya tetemeko.

Juzi, asubuhi ya sikukuu ya kilele cha baridi, tulipomaliza kuweka vile vidonge vya unga wa mchele mbele ya wazee, Mama aliniambia nimwite Yi-chun, aliyekuja kwa sikukuu na alikuwa jikoni, na aje na kompyuta yake. Alikuja bado ana unga kwenye nyusi. Mama akachukua vile vipande viwili vya mbao vya kurusha chini kuwauliza wazee, vya bibi, vilivyolika pembeni. Akauliza kama tuiache alama ya muda. Akarusha. Vyote viwili chali: wazee wanacheka, hawajajibu. Akauliza kama tuweke ya kudumu. Vyote chali tena.

“Bibi, labda hawajui tovuti ni nini,” Yi-chun akanong’ona.

“Babu yake Kuo-liang aliuza mafuta na mzega begani, mji mzima ukijua atapita wapi. Unafikiri hajui anwani ni nini? Wanacheka kwa sababu wananiona nazunguka.”

Akaviokota vile vipande. Kisha akauliza, lakini si wazee, alimuuliza Yi-chun. “Nikisema ya kudumu, ile aliyoitengeneza mwanangu inafutwa?”

“Haifutwi, Bibi. Ukiifuta, watu watagonga ukuta. Lazima tuendelee kuitunza, ikae palepale, iwe inawaelekeza huku. Na injini nayo inahitaji kuiona ipo.”

“Kwa muda gani?”

“Mimi ningeiacha siku zote.”

Mama akageuka, akapiga magoti na lile goti lake, nikamshika mkono akanipiga kofi niachie. Akawaambia ukweli. Nyumba imepasuka, wiki ijayo inabomolewa, hatutarudi. Aliyewaahidi ni yeye, si Kuo-liang, Kuo-liang wasimlaumu. Akawauliza kama watakubali kukaa hapa. Akarusha. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Wamekubali. Akarudia kwa uhakika, wakakubali tena.

“Haya,” akamwambia Yi-chun bila kumtazama, “iandike hiyo namba yako.”

Yi-chun aliandika. Ilichukua muda mfupi kuliko kumimina chai. Mama alikuwa amejiandaa kwa jambo kubwa, na alipoambiwa tayari akauliza, “Ndiyo hiyo tu?” Kisha akaenda jikoni akamenya tangawizi nyingi kuliko tuliyohitaji, na mimi nikamwacha amenye. Nililia kidogo ghalani, usimwambie.

Yi-chun anasema matokeo si ya kesho. Itachukua wiki kadhaa, pengine miezi, injini ipite, ione, iamini. Lakini leo asubuhi alinipigia kunionesha jina la Baba limeanza kupanda, na Bi Lai ametuma salamu kwamba binti anaendelea vizuri na mtoto ana mashavu.

Kilichonifanya nikae niandike ni chakula cha jioni ya juzi hiyohiyo. Unajua kila sikukuu Mama anakuwekea bakuli na vijiti vya chakula, upande wa kulia kwake, na koti lako la zamani kwenye kiti. Ping-kun, ambaye Mungu hakumpa breki, alitaka kumchangamsha. Akasema, “Mama, leo tumepanga kila kitu upya. Na bakuli hili nalo tulielekeze wapi?”

Mama aliweka kipande cha kuku kwenye bakuli lako, cha paja, akamimina na supu.

“Hili ni la muda,” akasema. “Mtu asiliguse.”

Kaka, ulipoondoka ulisema miaka michache tu. Watoto wako sasa wamemaliza shule, na wifi nasikia amepanda mwembe nyuma ya nyumba. Sikulaumu hata chembe. Una maisha mazuri huko na mimi nafurahi, najivunia, nawaonesha wateja picha zenu mpaka wanachoka. Lakini ile injini ingekuwa imeshajiongeza zamani. Mama hajajiongeza, na hatajiongeza. Anangoja aambiwe.

Basi nakuomba umwambie. Kama unarudi, sema lini, nipake rangi kile chumba. Kama hurudi, mwambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako, asije akayasikia kwangu wala kwa majirani. Atakasirika, atamenya tangawizi, halafu atauliza watoto wanakula nini. Na uje mwaka mpya, jibu lolote utakalokuwa nalo, ulisemee mezani. Kuku ataandaliwa vilevile.

Nisalimie sana wifi Mei-feng, mwambie mapishi ya supu nitamtumia. Wasalimie Han na Ting-yu, waambie shangazi yao bado anawazidi urefu wa ulimi. Huku wanakusalimu Ping-kun, Yi-chun, baba mdogo na jirani wa tofu, ambaye anadai ulimwahidi kangaruu. Wazee wetu walio juu ya meza wakulinde popote ulipo, na afya isikupungukie.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata ukichelewa kujibu,

Su-chu.

Nyongeza: Mama ameingia sasa hivi, ameniuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia namweleza Kaka habari za tovuti. Amesimama hapa nyuma yangu na harufu yake ya ufuta, ameangalia karatasi bila miwani. Anasema nikuandikie kwamba anwani yako bado ipo, hatujaifuta, na kila siku inaleta watu nyumbani.