Jina Aliseme Mwenyewe

Kamembe, Jumatano

Papa yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi katika Bwana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Maman, na kwamba lile goti limepoa tangu mvua zipungue huko Nkungu. Sisi huku hatujambo. Mdogo wangu Teta anakohoa kidogo, lakini anakula kutushinda sote, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila nikilikaribia jambo lenyewe unaniuliza bei ya maharage sokoni, kisha unampa Maman simu. Barua hii utaimaliza wewe mwenyewe.

Unajua kwamba pale redioni nimepewa kipindi cha nyimbo za kuombwa, Jumamosi mchana. Nilidhani kazi ni kupiga muziki tu. Kumbe kazi ni majina. Kuna mwimbaji mmoja kijana wa Bugarama anayejiandika KG 5. Sisi tuliosoma Bukavu tunamwita kwa Kifaransa, Ka-Je-Senk. Vijana wa hapa mjini wanasema kwa Kiingereza, Kei-Ji-Faivu, na wakulima wa mpunga kule kwao wanasema kwa lugha yetu, Ka-Ga-Gatanu. Nikimtaja kwa namna moja, wale wengine wananipigia simu kunifundisha kazi. Mzee mmoja alisema hewani kwamba nimemtukania mtoto wa jirani yake.

Mkuu wangu, Aimable, alinishauri niache majina kabisa, nipige wimbo na kunyamaza. Nilimwambia sitafanya hivyo hata anitoe kwenye kipindi. Mtu ametoa jasho, ametunga wimbo, halafu upite hewani kama hauna mwenyewe? Nilimtafuta yule kijana nikamuuliza anaitwaje. Alicheka, akasema, “Dada, mie naitikaka tu vile banaita.” Nikamwambia hapana, achague, kwa kuwa jina ni lake. Alifikiri sana, akachagua lile la wakulima wa mpunga, nami nikamrekodi akilisema.

Tangu siku hiyo nimeweka sheria, na Aimable ameshachoka kubishana nami. Wimbo haupigwi mpaka mwenyewe aseme jina lake kwa kinywa chake. Wako wanaorekodi kwa simu, wako wanaokuja wamevaa suti kana kwamba wataonekana. Bendi ambazo watu wake wamekufa nawatafuta wajane na watoto wao. Wasikilizaji wameipenda sheria hii, na mimi sitaiacha.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, Papa, usiikunje barua.

Kuna mwimbaji mmoja ambaye watu wa Bukavu wanamwomba kila wiki. Mmoja humwita Tuagi, mwingine Tuaji, mwingine Tuwagi, na wanagombana kweli. Hatukuwa na wimbo wake. Ndipo mwezi uliopita alipovuka daraja la Rusizi, pale mpakani, Maman Drocella wa mtaa wa Kadutu kule Bukavu, mjane wa yule aliyepiga gitaa la besi katika bendi ya mwimbaji huyo, akiwa na kaseti ndani ya kitambaa. Tuliisikiliza pamoja. Aliniambia, “Huyu muntu akiimba, bantu balikuwa banasahau kurudi kwabo.” Kisha akasema hata yeye hajui jina lake kamili, kwa sababu wakati ule mwenyewe hakulitaja, na waliompenda hawakumuuliza, kwa usalama wake.

Mimi nililijua. Niliisikia sauti yako, Papa, nikairudisha kaseti mwanzo. Nilikuwa na umri alio nao Teta sasa, tukikimbia vita kwenda Bukavu, ulipotuambia tusilitamke jina lako njiani, kwamba mtu akiuliza wewe ni Tuagi tu, kwa sababu Twagirumukiza likisemwa inavyotakiwa, kuanzia kooni, kila aliye kwenye kizuizi angejua tumetoka wapi. Ulitulinda, na nakushukuru. Lakini tulirudi kwetu, upande huu wa mto. Hapa hakuna anayekuuliza njiani, na bado gitaa liko juu ya dari ya jikoni. Unasema umezeeka. Mimi nadhani hujui uimbe kwa jina gani. Kule walikupenda kwa lile la kujificha, na huku wanakujua kwa lile la ubatizo tu, mkulima wa Nkungu asiyeimba hata kwaya.

Inanisikitisha, Papa. Nasema wazi, inanisikitisha sana.

Hapa redioni hakuna aliyejua wewe ni nani kwangu, maana kwetu mtoto hachukui jina la baba. Ningeweza kukaa kimya. Ningeweza pia kulisema jina mimi, kwa kuwa nalijua. Lakini nimewakatalia watu wengi, na siwezi kuivunja sheria kwa ajili ya nyumba yangu. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita, mtu wa Bukavu alipopiga tena akiuliza kama Tuagi alikufa vitani, nilimjibu hewani, watu wote wakisikia, kwamba yu hai, kwamba analima upande huu wa mto, na kwamba ni baba yangu. Nikasema Jumamosi hii inayokuja atafika mwenyewe kusema anaitwa nani.

Najua sikukuomba ruhusa. Ningeomba, ungeniuliza bei ya maharage.

Habumugisha wa pikipiki, aliyekuletea barua hii, atakuja kukuchukua Jumamosi asubuhi. Ataendesha polepole kwa ajili ya goti. Ukisema Tuagi, nitakuita Tuagi, na asikubishie mtu. Ukisema Twagirumukiza, nitalisema hivyo hivyo mpaka Bukavu walijue. Na ukikataa kuja, kaseti itabaki mezani, nami nitawaambia wasikilizaji kwamba bado tunakungoja, Jumamosi hiyo na Jumamosi zote zitakazofuata.

Msalimie Maman, mwambie kitenge chake kimeshapatikana. Wasalimie majirani na watu wa kanisani, na kama kuna anayeuliza kwa nini unakuja mjini, mjibu unavyotaka. Mungu awalinde.

Ni mimi binti yako anayekupenda, na ambaye hatarudi nyuma,

Honorine Uwera