Nani Asimame Bondeni

Isebania, 6 Machi 1967

Kwa binti yangu Bhoke,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mguu wa mama yako umepona. Masomo ya ualimu huko Homa Bay yanakwendaje?

Huku wapima ardhi wamefika. Kila mtu anasimama shambani kwake, kamati inaandika jina lake kuwa ndiye mwenyewe. Sasa wakifika kule bondeni tunakolisha mifugo sote, nani asimame? Wazee tumekubaliana asisimame mtu, maana ni aibu kujisimamisha kwenye kitu cha wote. Lakini sina raha.

Ni mimi baba yako, Masese

Homa Bay, 14 Machi 1967

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana pamoja na mama. Mimi ni mzima, ila maharagwe ya hapa yamenichosha.

Barua yako imenitia hofu. Tunasoma habari za Uingereza ya zamani. Vijiji vyao navyo vilikuwa na malisho ya wote. Ardhi ilihesabiwa ya bwana mkubwa, lakini mwanakijiji alikuwa na haki yake ya kulisha na kuokota kuni, na aliyezidisha mifugo alitozwa faini na wenzake. Baadaye wakubwa wakazungusha ua, maskini wakabaki nje.

Malisho yetu yakikosa jina yataandikwa ya kaunsili, ile halmashauri ya wilaya. Mtaambiwa ni mali ya umma, hakuna tofauti. Ipo, baba. Mwenye kauli hapo ni ofisi, na inaweza kumkodishia mtu wa mbali, nanyi mkafukuzwa na askari. Tafadhali simama wewe. Sema ni yako, kisha mlishe wote kama zamani.

Mwanao, Bhoke

Homa Bay, 20 Julai 1967

Baba,

Hamjambo nyumbani? Nimeandika mara mbili hujajibu. Silali vizuri. Niambie tu kama ulisimama.

Mwanao, Bhoke

Isebania, 2 Septemba 1967

Bhoke mwanangu,

Salamu. Tuko wazima, ila kifua kinanibana.

Nilisimama. Niliwaambia wenzangu ni jina tu, malisho yatabaki ya wote. Tangu hapo wananisalimu kwa mbali. Juzi mjane Pauline aliniletea kuku, akiomba ruhusa mbuzi wake wanywe maji ya bondeni. Amelisha pale tangu alipoolewa. Nilimrudishia kuku wake.

Kisha nikamkuta kaka yako Kerosi akichonga nguzo, seng'enge ameshanunua. Nikamwuliza za nini.

"Si ni yetu, baba? Jina si lako?"

Nikamweleza nilivyowaahidi wenzangu, akacheka. Nami nikiondoka, yeye ndiye atakayeshika hati.

Njoo likizo hii, usingoje Krismasi. Umsimulie habari za Waingereza wale kama ulivyonisimulia mimi. Mashimo ya kwanza ameyachimba upande wa maji. Kila asubuhi nakwenda kusimama pale, kama nilivyosimama mbele ya kamati, ila sasa nasema si yangu.

Baba yako, Masese