Ombi la Bwana Shauri

Mpendwa Taata,

Leo nimewafundisha wasichana wangu hapa Muleba sentensi moja ya Kiingereza. Nimeiandika ubaoni: You are kindly requested. Unaombwa kwa hisani. Wakainakili kwa mwandiko mzuri, nami nikageukia dirishani.

Unaikumbuka ile bahasha? Tarishi wa boma aliileta nyumbani kwetu Kaagya, kahawa ikiwa imeanza kuiva. Hukujua kusoma, ila uliuza mbuzi wako wote ili mimi nisome misheni. Ukaniita mbele ya majirani, "Njoo, msomaji wangu." Nikasoma kile Kiingereza, nikakwambia kwamba Bwana Shauri, mkuu wa boma, anakuomba kwa hisani uondoe migomba na mibuni ya upande wa chini wa kibanja kabla mwezi haujaisha, maana barabara itapita hapo. Hapo ndipo alipozikwa babu.

Ukatabasamu. "Anaomba, au anaamuru?"

"Anaomba, Taata."

"Basi aje. Mtu akitaka kitu kwa mwenzake huja mwenyewe, akakaa, akatafuna kahawa, wakazungumza."

Tangu siku hiyo Maawe, mkeo, alifagia uwanja kila asubuhi, nawe ukaweka kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna karibu na kigoda cha mgeni. Mjomba alikuja kukusihi uhamishe mifupa ya babu mapema. Ukamjibu kwamba mgeni wako bado hajafika.

Wakaja vibarua na mapanga, na msimamizi wao mbele. Ulimwendea na kikapu mikononi, ukamkaribisha kama inavyopasa. Akakupiga kikumbo akapita, kahawa ikamwagika. Kufikia adhuhuri migomba yote ya chini ilikuwa imelala na mikungu yake michanga, na kaburi la babu limesawazishwa hata hatukujua tena lilikuwa wapi. Ulichuchumaa ukaokota zile punje matopeni, moja moja, na hukutaka tukusaidie.

Hukuumaliza mwaka ule. Tulikuzika Ngenge, kwa mjomba, mbali na baba yako.

Sasa nisikilize, Taata, maana hili sijamwambia mtu, hata Maawe. Kule misheni, mwalimu wetu wa Kizungu alikuwa akituuliza kwa sauti laini kama tungependa kufunga dirisha. Hakuna aliyejibu kwamba anapenda au hapendi. Tulikimbia kulifunga, na aliyechelewa alipigishwa magoti. Wazungu huwaamrisha watu hivyo kila siku, mezani, kanisani, ofisini, na sisi tuliosoma tulilielewa hilo mapema sana. Nililijua kabla bahasha haijafika.

Lakini ulikuwa unatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza boma kukuomba kitu, na majirani walikuwa wanasikia. Nilijua ni amri. Nikautazama uso wako, nikakwambia anaomba.

Pumzika hapo ulipo, Taata, ingawa si kwako.

Mwanao,
msomaji wako.